Ndege ya Kitambaa

Juzi nilikuwa saluni hapa Dar es Salaam, nimekaa nikisubiri zamu yangu, binti mmoja akafungua kichupa cha rangi ya kucha. Harufu ikanifikia kabla sijajua ni ya nini. Ilikuwa harufu ya ndizi, lakini si ndizi ya kula. Ndizi iliyoiva ikapitiliza, ikachanganyika na kitu kikali cha dukani. Nilinyanyuka nikatoka nje bila kuaga, nikasimama juani nimeshika ukuta. Binti akanifuata. "Dada, vipi, presha?" Nikamwambia ndiyo, presha. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba harufu ile, kwetu Tukuyu, ilikuwa harufu ya ndege?

Baba tulimzika mwaka huu, mvua zimechachamaa, kaburi linajaa maji hata kabla jeneza halijashushwa, vijana wanayachota kwa ndoo. Watu wa rika langu, tuliosoma pamoja, walinijia mmoja mmoja wakanishika mkono, na karibu kila mmoja alikumbuka jambo lile lile: magari. "Mzee na ile pijo yake," walisema. "Jumapili tulikuwa tunabishana atakuja na gari gani kanisani." Walicheka kidogo, vile watu wanavyocheka msibani. Hakuna aliyetaja ndege. Nilitamani mmoja wao aitaje, hata kwa bahati mbaya. Tulikula, tukaosha mikono, wakaondoka, hakuna aliyeitaja. Basi nitaitaja mimi.

Baba, Ambakisye kwa jina lake, alizaliwa Lufingo, kwenye vilima vya migomba na chai, mtoto wa kwanza wa wakulima. Biashara aliianza kwa kununua mikungu ya ndizi barabarani na kuomba nafasi kwenye malori ya watu. Mpaka mimi napata akili, malori yalikuwa yake, yakishusha ndizi na mbao hadi Dar, na alikuwa na duka la spea pale Bagamoyo, yaani Bagamoyo yetu ya Tukuyu, si ile ya pwani. Sisi tulikaa Msasani, nayo ya huko huko Tukuyu, na nyuma ya nyumba kulikuwa na banda refu la bati ambalo mama aliliita nyumba ya wake wenza.

Humo ndimo yalimokaa magari ya zamani. Kulikuwa na landrova lenye tairi ya akiba juu ya boneti, foksi ya kijani iliyokuwa ikikohoa asubuhi za baridi kama mtu mzima, na pijo ya rangi ya maziwa ambayo viti vyake vya ngozi vilikuwa na nyufa ndogondogo kama mikono ya bibi yangu. Aliyatafuta mbali: misheni zilizofungwa, nyua za wajane, mashamba ambayo wenyewe walikuwa wamerudi Ulaya. Aliyaokota yakiwa na kuku ndani. Akitoka dukani, bado ana tai shingoni, alilala chini yake kwenye gunia akafungua nati mpaka giza liingie. "Gari la siku hizi ni kopo," alikuwa akisema. "Hili likiumwa linakwambia linaumwa wapi." Alisema nayo kwa upole kuliko alivyosema na wateja. Mimi nikaelewa kwamba magari yale ni ndugu zetu wakubwa, na kwa muda mrefu, nikienda shule, nilipita bandani kwanza nikaiambia pijo shikamoo.

Aliyekuwa naye siku zote humo bandani ni mdogo wake, Baba Mdogo Lusajo. Wao walizaliwa wawili tu. Baba Mdogo alikuwa fundi wa malori yetu, mtu mrefu, mpole, hajaoa, anaishi Lufingo na mama yao. Alikuwa akiimba nyimbo za kwaya sauti ya tatu peke yake, bila zile sauti nyingine, kwa hiyo wimbo ulikuwa kama mazungumzo ya mtu kwenye simu, unasikia upande mmoja tu. Na alikuwa mwoga wa kupanda juu. Parachichi zikiiva alishika ngazi, wakapanda wengine. Watoto tulimcheka, naye alicheka pamoja nasi.

Siku moja shamba fulani la chai lilikuwa likibadilisha wenyewe, wakawa wanauza vitu vyao vya zamani. Nyuma ya ghala lao kulikuwa na kijindege kilichokuwa kikinyunyizia chai dawa enzi za Wazungu, kimekaa miaka mingi bila kuguswa. Baba alikuwa amekiona kikiruka alipokuwa mtoto. Hilo alitusimulia mara nyingi sana, jinsi kilivyopita juu ya migomba ya kwao chini kabisa, mpaka akaona miwani ya rubani, na jinsi rubani alivyompungia mkono. "Alinipungia mimi," alikuwa akisema, mtu mzima mwenye malori. "Hapakuwa na mtu mwingine pale." Tangu hapo alikuwa na kiu moja. Alipopata uwezo alikwenda Dar akajifunza kurusha ndege, kipindi hadi kipindi, malori yakiwa safarini, na ukutani sebuleni kulikuwa na picha yake amesimama kando ya ndege ya watu, anatabasamu kama bwana harusi.

Alikinunua. Kikaletwa juu ya lori letu, mabawa yamefunguliwa yamelazwa kando, na mji mzima ukatoka. Bibi naye aliteremka kutoka Lufingo kuja kuona. Alikizunguka polepole, mgongo umeinama, kisha akakigonga ubavuni kwa vifundo vya vidole kama anayebisha hodi.

"Gwe, Ambakisye," alisema kwa Kinyakyusa, lugha aliyoitumia kwa kila kitu cha maana. "Kumbe ni nguo?"

"Ni turubai, mama. Linapakwa dawa linakuwa gumu."

"Na wewe utakaa huko angani ndani ya nguo?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba ndiye aliyecheka kuliko wote.

Hapo ndipo harufu ilipoingia nyumbani kwetu. Kitambaa cha zamani kilibanduliwa, kikawambwa kipya, na Baba Mdogo akawa anakipaka ile dawa ya kukazia, tabaka juu ya tabaka, kwa brashi pana. Ilinuka ndizi mbivu. Ilinuka mpaka kwenye sare zetu za shule, mpaka kwenye maziwa. Nilimuuliza ni ndizi gani ile. "Ndizi ya Wazungu," alinijibu, "usionje." Mimi sikuona ajabu. Nyumba yetu ilijengwa na ndizi, karo yangu ni ndizi, chakula ni ndizi. Basi na ndege nayo ni ya ndizi. Niliwaambia wenzangu darasa la pili hivyo, na kwa kuwa na wao harufu waliisikia, waliamini.

Lile lilikuwa jambo la miaka, si la wiki. Mdogo wangu alizaliwa, akaanza kutembea akishikilia magurudumu ya ndege. Mama alichoka, akazoea, akachoka tena. Malori yakaanza kupungua. Sikujua yanakwenda wapi. Nilijua tu kwamba kila linapoondoka lori moja bila kurudi, linakuja kreti lenye kitu cha kung'aa, na baba analifungua hapo hapo.

Kisha akaja mkaguzi. Mtu mfupi mwenye koti la mvua, mstaarabu, alikataa hata chai mpaka amalize kazi. Alijipenyeza na tochi yake kila mahali. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya landrova nikila muwa, nikamsikia akimwambia baba, "Mzee, kazi nzuri sana hii. Lakini mbao za ndani za bawa la kushoto sizipendi. Zimezeeka. Mimi siwezi kukuruhusu uirushe."

"Mbao?" Baba alisema. "Ndugu yangu, mbao ndiyo kazi yangu."

"Naelewa, mzee. Za nyumba sawa. Hizi ni za hewani."

Baba alimshukuru, akamfungashia parachichi, akamsindikiza. Aliporudi alikaa kwenye stuli bandani, koti begani, akilitazama lile bawa. Baba Mdogo alisimama akifuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono. "Kaka," alisema, "tulifungue tena. Tuanze upya hilo moja." Baba alikwenda akaligonga bawa kwa kidole, akasikiliza, akaligonga tena. "Linaitika vizuri," akasema.

Siku chache baadaye mezani alitangaza kwamba Jumapili ataikimbiza ardhini tu. Kule kwenye tambarare la shamba la chai, uwanja wa zamani wa kile kijindege ulikuwa bado upo, umeota majani, vijana wameshaufyeka. Ataikimbiza kama gari, watu waone, ampe Lusajo raha ya kazi yake, basi.

Mama akaweka kijiko chini. "Ardhini tu?"

"Ardhini tu."

"Umuahidi mama yako. Si mimi. Mimi umeshaniahidi mengi."

Na Jumamosi alikwenda Lufingo na pijo, mimi nimekaa mbele, na nikamsikia kwa masikio yangu. Bibi alikuwa akimenya ndizi uani. Baba alichuchumaa mbele yake, suti na yote, akasema, "Mama, haitaacha ardhi." Bibi akamtazama muda mrefu, kisu kimesimama, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga. Nimesikia." Akaendelea kumenya.

Jumapili ile ukungu ulikuwa umeondoka mapema, mlima Rungwe ukaonekana wote mpaka kileleni, jambo ambalo kwetu huwa ni zawadi. Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja na nguo zao nzuri, wakajipanga pembeni mwa uwanja mpaka ndani ya chai. Bibi aliletewa kigoda akakaa mbele kabisa. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni, mimi nimeshika upindo wa kitenge chake. Ndege ilikuwa nyeupe yenye mstari mwekundu, na juani ilionekana ndogo kuliko bandani.

Ilikuwa na viti viwili, kimoja mbele kingine nyuma. Baba alipanda mbele. Kisha akageuka. "Lusajo, kaa nyuma. Uzito ukae sawa."

Baba Mdogo alitazama ndege, akatazama watu. Alikuwa amevaa shati la kwaya. "Kaka, si inakimbia tu?"

"Inakimbia tu. Panda."

Akapanda. Kaka yake amesema; kwetu hilo halijadiliwi. Akajifunga mkanda, akatuona, akatupungia.

Mara ya kwanza ilikimbia mpaka mwisho wa uwanja ikarudi, na watu wakashangilia. Wanawake wakapiga vigelegele. Niliona kwa mbali meno ya baba. Ikageuka, ikaanza tena, na safari hii sauti ya injini ilikuwa nyingine, ya juu, kama ya mtu aliyekata shauri. Mkia ukanyanyuka. Ikatupita. Na nilikuwa nimechuchumaa, macho yangu yalikuwa sawa na magurudumu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kwanza: mwanga ukaingia kati ya tairi na majani. Uzi mwembamba, kisha upana wa mkono, kisha ukawa ni anga.

Nilipiga makofi. Mama hakupiga. Bibi alisimama kutoka kwenye kigoda.

Ikapita juu ya chai, ikapita juu ya mstari wa mikaratusi, nzuri, nyeupe, nyepesi, sijaona kitu kizuri kama kile tangu siku ile. Halafu ikaanza kupinda kuelekea Lufingo. Ikalala upande, na bawa moja likanyanyuka peke yake, likakunjika juu, kama mtu anavyonyoosha mkono kuomba ruhusa darasani. Ikashuka. Ikaingia kwenye chai ng'ambo ya mikaratusi, na sauti ikatufikia baadaye, sauti ndogo tu, kama gunia limetupwa kutoka kwenye lori.

Sikuwahi kuona ndege ikitua. Zote nilizokuwa nimeziona zilikuwa nukta zinazopita juu sana zikielekea kwa watu wengine. Kwa hiyo nilidhani ndivyo zinavyotua. Niliruka juu nikapiga makofi nikapaza sauti, "Imetua! Imetua!" Na wale wanawake wa mwisho wa uwanja, ambao miti iliwaziba, nao wakapiga vigelegele, virefu, na vikaendelea wakati wanaume wa upande wetu tayari wanakimbia wakipasua chai. Mama alinivuta akanifunika uso kwa kitenge. Ndani ya kitenge mlikuwa na giza na jasho lake, nami bado nilikuwa nacheka.

Baba Mdogo alikufa pale pale. Baba walimtoa akiwa hai, nyonga na mguu vimevunjika. Mazishi yalifanyika yeye akiwa hospitali. Mambo ya serikali na polisi yalikuja yakapita. Watoto hatukuambiwa yaliishaje. Baba alikuwa amelala, macho yanatazama dari, na mara nyingi nilimwona akiuinua mkono wake wa kulia akiutazama kama kitu alichokiokota.

Bibi alikwenda kumwona mara moja. Tulikuwa naye mimi na mama. Alisimama miguuni pa kitanda, na baba akaanza kulia kabla hajasema lolote. Bibi akasema, "Uliniambia haitaacha ardhi." Akatoka nje, akatusubiri kwenye benchi.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya Bibi kwa baba kwa miaka.

Ukoo ukakaa, ukaamua bibi asibaki Lufingo peke yake. Aliyekuwa akimtunza ameondoka, aliyebaki ni mkubwa, basi aende kwa mkubwa. Akaja kwetu na kapu lake na blanketi. Kila mtu alidhani ataugua kwa uchungu. Hakuugua. Aliamka kabla ya sote, akawasha moto, akampikia baba mbalaga laini, zile ndizi zake alizozipenda tangu utoto, akamkandia mguu kwa maji ya moto, akamfunga bandeji upya. Mikono yake ilifanya yote ambayo mikono ya mama hufanya. Lakini mdomo haukufunguka. Akitaka kumwambia jambo aliniita mimi.

"Mwambie baba yako maji ya kuoga yapo tayari."

Na baba amekaa hapo hapo, hatua mbili kutoka kwake. "Baba, Bibi anasema maji ya kuoga yapo tayari."

"Mwambie ndaga."

"Bibi, baba anasema ndaga."

Nisiwadanganye: mimi nilifurahia. Nilidhani ni mchezo, na kwamba katika mchezo huo mimi ndiye mtu muhimu kuliko wote. Nikiwa shuleni niliwaza, sasa wanafanyaje bila mimi? Nilikimbia kurudi nyumbani ili wasikwame.

Siku moja nilirudi mapema, mvua imetukatisha vipindi, nikapita upande wa dirishani. Walikuwa peke yao. Bibi amesimama na sahani mkononi, inatoa mvuke, anatazama mlangoni. Nilielewa kwamba ananisubiri mimi. Baba alikuwa kwenye kiti, magongo yameegemea ukuta. Akasema, "Mama. Nimekosa. Sema chochote. Nitukane basi, mama. Nilaani." Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu, lakini nilimsikia. Bibi aliweka sahani mezani taratibu, akaisogeza karibu na mkono wake, akaipangusa ukingoni palipomwagika. Kisha akatoka nje kwenye mvua, akaanza kuingiza kuni ambazo tayari zilikuwa zimeloa. Nilibaki chini ya upenu na begi langu la shule. Tangu siku hiyo sikukimbia tena kurudi nyumbani.

Malori yaliyobaki yakaenda. Duka la Bagamoyo likapata mwenyewe mwingine. Mama alianza kushona, cherehani sebuleni, chini ya ukuta ambao picha ya baba ilikuwa imeondolewa ukabaki mraba msafi. Bandani, maturubai yaliyokuwa yakifunika magari yalichukuliwa kufunikia kuni, na bati la upande mmoja likang'olewa na upepo lisirudishwe. Mvua ya Tukuyu mnaijua. Kuvu likaota kwenye viti vya pijo, foksi ikajaa maji miguuni, landrova likaota majani kwenye sakafu. Nilidhani magari nayo yamekaa matanga, kwamba ndivyo yanavyoomboleza, na kwamba siku ya kuanua tanga ikifika baba atayaosha. Nilisubiri siku hiyo kwa muda mrefu.

Alipoweza kutembea, kazi yake ikawa kwenda kukaa ndani ya pijo. Mchana mzima, mikono kwenye usukani, tairi zimekaa chini. Jioni moja niliingia nikakaa nyuma.

"Baba, tunakwenda wapi?"

"Hatuendi."

Tukakaa. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye boneti. Nikamuuliza kile ambacho watu wazima walikuwa wakikinong'ona jikoni: kwa nini iliruka?

Hakugeuka. "Ilikuwa nyepesi," alisema. "Nilikuwa nimeahidi, na nilikuwa nakumbuka kwamba nimeahidi. Halafu ikawa nyepesi, na mkono ukavuta." Akautazama mkono. "Sitasema sikutaka. Nilitaka."

"Baba Mdogo aliogopa?"

"Mwanzo alipiga kelele. Kisha akanyamaza. Kisha akanigusa bega. Akasema, Kaka, naiona nyumba ya mama. Alikuwa anacheka, mwanangu. Sijawahi kumsikia Lusajo akicheka vile. Nikasema ngoja nikupeleke uione vizuri. Nikapinda."

Akarudisha mikono kwenye usukani. Baadaye akasema, "Usimpelekee Bibi maneno hayo." Na mimi, niliyekuwa nimepeleka maneno yote ya nyumba ile, sikuyapeleka.

Bibi aliugua nilipokuwa darasa la sita, wakati wa baridi ile ya Juni ambayo nguo hazikauki. Ilianza kama kikohozi. Ilipofika mahali haamki, tulimhamishia chumba cha mbele kwenye mwanga, na ndugu wakaanza kuja kutoka Lufingo, wakikaa sebuleni na chai, wakizungumza chini chini. Wengine walimshauri baba asikae mbele yake asije akamsumbua roho. Hakuwasikiliza. Alikaa kwenye stuli kando ya kitanda siku nzima, na mimi nikakaa upande wa miguuni, nikidhani huenda nitahitajika.

Ilikuwa Jumamosi, mchana. Mama alikuwa jikoni akiwachemshia wageni. Bibi alifungua macho, akayazungusha chumbani, yakafika kwa baba yakatulia. Uso wake ukalainika. Sikuwahi kuuona ukiwa hivyo katika nyumba yetu.

"Gwe," alisema. "Umekuja."

Baba alisogea mpaka magoti yakagusa kitanda. "Nimekuja, mama."

"Umekonda, Lusajo."

Niliona jina lile likimpita baba usoni. Kisha akasema, kwa Kinyakyusa, kwa sauti laini ambayo haikuwa yake, "Kazi nyingi, mama."

"Na kaka yako? Yuko wapi kaka yako?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kufanya kazi yangu, kusema Bibi, huyu ndiye baba, ni Ambakisye huyu. Baba alininyooshea mkono bila kunitazama, kiganja wazi, nikanyamaza.

"Kaka alikufa, mama," alisema. "Ile ndege ilianguka naye."

Bibi alitulia. Nilidhani amelala. Halafu sauti ikatoka, ile sauti ya kina mama wa kwetu msibani, nusu kilio nusu maneno. Akamlilia. Alimwita Ambakisye, mzaliwa wangu wa kwanza, uliyenifanya niitwe mama. Alimwita Ambakisye, uliyeninunulia blanketi kwa pesa yako ya kwanza. Nani atapiga honi pale chini ya kilima, nitoke, nijue ni wewe? Alimlilia kwa pumzi iliyokuwa ikikatika, na kila alipolitaja jina lile baba aliinamisha kichwa zaidi, mpaka paji la uso likawa juu ya blanketi, na alikuwa akimwitikia kama mtu anavyomwitikia mfiwa: "Pole, mama. Pole sana, mama."

Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

Bibi alipoishiwa, alitafuta kwa mkono mpaka akakipata kichwa cha baba, akakipapasa, nywele zimeshaanza mvi.

"Nyamaza, Lusajo," akamwambia. "Usilie sana. Nimebaki na wewe."

"Ndiyo, mama," baba alisema. "Umebaki na mimi."